Usimpe mama dawa kabla goti halijapimwa (uzi mrefu, sehemu ya 1 hadi ya 8)

SEHEMU YA 1

Watoto wameshalala? Kama bado, mwachieni baba yao kidogo, uzi wa leo ni mrefu.

Nilikuwa nimepanga kuongelea kikohozi cha watoto. Nimekiweka pembeni kwa sababu ya ujumbe niliotumiwa inboksi na dada mmoja. Aliandika hivi: "Nesi, mama mkwe aliwekewa nyonga bandia mwaka juzi. Sasa inamuuma, ina joto, na usiku halali. Nimpe antibayotiki gani ya kuanzia wakati tunatafuta hela ya kumpeleka hospitali?"

Nilimjibu neno moja: usimpe. Akanuna kidogo. Nikamwelewa, maana hata mimi ningenuna. Mtu anaumia mbele ya macho yako halafu nesi anakwambia usimpe dawa!

Kwa hiyo leo nafafanua. Nina maoni mawili na nayasema wazi mwanzoni ili usipotee njiani.

La kwanza: mtu mwenye nyonga au goti bandia likianza kuuma, kuvimba au kupata joto, asipewe antibiotiki nyumbani kabla daktari hajavuta maji ya ile sehemu na kuyapeleka maabara.

La pili, na hapa baadhi ya wenzangu tunabishana: siku ya operesheni yenyewe, ile dozi ya antibiotiki inayotolewa kabla ya kisu isicheleweshwe kwa mazoea tu, eti itaharibu vipimo. Itolewe kwa wakati, isipokuwa kama daktari wa upasuaji ana sababu maalum.

Dawa ni ileile. Kinachobadilisha kila kitu ni muda. Twende.

SEHEMU YA 2

Najua kuna anayejiuliza: mimi nina mtoto wa miaka miwili, haya ya nyonga bandia yananihusu nini?

Yanakuhusu kwa sababu nyumbani kwetu mtunza dawa ni wewe. Lile kopo juu ya kabati, lenye vidonge vya rangi mbili vilivyobaki mtoto mkubwa alipougua, funguo yake unayo wewe. Bibi akisema goti linawaka, anakuita wewe.

Halafu hizi nyonga si za wazee peke yao. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Ugonjwa huu unaweza kuziba mishipa midogo ya damu, na mojawapo ya sehemu zinazoumia ni kichwa cha mfupa wa paja, pale kwenye nyonga. Kikikosa damu kinakufa na kubonyea. Ndiyo maana unaweza kumkuta kijana wa miaka ishirini na kitu, pengine mama wa mtoto mchanga, anatembea na nyonga bandia. Wengine ni ajali za bodaboda.

Operesheni yenyewe si ngeni duniani. Nyonga bandia za kisasa zimetokana na kazi ya daktari John Charnley, pale Wrightington, Uingereza, mwaka 1962. Hapa kwetu hospitali kama MOI, Muhimbili, wanabadilisha nyonga na magoti. Wagonjwa walio wengi wanapona na kurudi kwenye shughuli zao. Siandiki kumtisha mtu.

Lakini wachache wanapata maambukizi. Katika nchi zinazotunza takwimu vizuri, ni kama mtu 1 au 2 kati ya 100 baada ya operesheni ya kwanza. Kiungo kikifunguliwa mara ya pili kubadilishwa, hatari inapanda. Na swali kubwa la operesheni ya marudio ni hili: je, kiungo kimelegea tu kwa kuchakaa, au kuna bakteria ndani? Majibu hayo mawili yana matibabu tofauti kabisa.

SEHEMU YA 3

Kwa nini vidonge vya nyumbani vinaharibu?

Chukua ndoo yako ya maji. Ikikaa muda bila kusuguliwa, ndani unagusa ute unaoteleza. Unaweza kumwaga maji na kujaza mengine mara kumi, ute upo palepale. Mpaka uingize mkono usugue.

Bakteria wakifika kwenye chuma na plastiki ya kiungo bandia wanafanya hivyohivyo. Wanajishika, wanatengeneza utando, wanakaa chini yake wamejifunika. Chuma hakina mishipa ya damu, kwa hiyo askari wa mwili hawafiki vizuri, na dawa nayo inapata shida kupenya utando.

Sasa wewe unampa mama kidonge. Kinachotokea ni kwamba wale bakteria wanaoelea kwenye maji ya goti wanakufa au wanapungua. Uvimbe unashuka. Mama anasema, "Afadhali, mwanangu." Unajisifu. Lakini walio chini ya utando bado wapo. Dozi ikiisha wanarudi.

Na katikati hapo, daktari akivuta maji na kuyapeleka maabara kuotesha, hakuoti kitu. Karatasi inarudi imeandikwa hakuna bakteria. Kumbe wapo, wamejificha.

Haya si maneno ya kuokota. Mwaka 2007 watafiti wa Mayo Clinic kule Marekani walichapisha kazi yao kuhusu wagonjwa waliotolewa viungo bandia vyenye maambukizi. Kwa jumla, kuotesha vipande vya nyama vilivyotolewa karibu na kiungo kulimkamata mdudu kwa kama wagonjwa 61 kati ya 100. Kwa wale waliokuwa wametumia antibiotiki ndani ya siku 14 kabla ya operesheni, ilishuka mpaka 45 kati ya 100. Yaani zaidi ya nusu ya wagonjwa hao, mdudu alipita bila kuonekana kwenye kipimo hicho.

Na mdudu asipojulikana, daktari atachagua dawa kwa kubahatisha. Dawa zenyewe si za siku tano. Ni za wiki nyingi, nyingine za sindano, nyingine zinaumiza figo. Kubahatisha hapo ni ghali kwa mwili na kwa mfuko.

SEHEMU YA 4

Hii sehemu nimeiandika na kuifuta mara tatu. Acha leo ibaki.

Mama yangu mzazi aliwekewa goti bandia la kulia. Lilimsaidia sana, akawa anaenda sokoni mwenyewe. Baada ya kama miaka miwili akaanza kulalamika. Hakuwa na homa. Goti lilikuwa na joto kidogo, na asubuhi lilimkamata.

Wakati huo nilikuwa nesi wa wodi ya wazazi. Nilikuwa najua kuzalisha, nilikuwa najua dawa, basi nikajiona najua yote. Nikamwanzishia amoksilini. Akapata nafuu. Baada ya wiki tatu maumivu yakarudi, nikampa siprofloksasini. Nafuu tena. Mara ya tatu nikachanganya mbili. Miezi minne ikapita hivyo, na kila mara niliyempigia simu kaka yangu nilimwambia, "Usiwe na wasiwasi, mama nipo naye."

Tulipofika hospitali, daktari wa mifupa aliuliza swali la kawaida: "Mama ametumia dawa gani karibuni?" Mama akanitazama. Mimi nikasema, "Za maumivu tu."

Niliona aibu. Nesi mzima, nikubali mbele ya daktari kwamba nimekuwa nikimpa mama antibiotiki kama karanga?

Wakavuta maji ya goti. Chembe nyeupe zilikuwa nyingi mno, dalili kwamba ndani kuna vita. Lakini kuotesha hakukutoa kitu. Daktari akakuna kichwa, akatuita tena. Akauliza lile swali kwa upole zaidi. Safari hii mama akanitangulia: "Mwanangu amenipa vidonge. Hata jana."

Ikabidi dawa zote za bakteria zisimamishwe wiki mbili nzima, ndipo wavute tena. Hizo wiki mbili sitazisahau. Goti lilivimba likawa kama nazi. Mama hakuweza kwenda msalani bila kubebwa. Alikuwa anajikaza nisisikie, na mimi nilikuwa nasikia. Mara ya pili mdudu akaota, stafilokoki, wa kawaida anayekaa kwenye ngozi, na maabara ikasema dawa ipi inamuua na ipi hana habari nayo. Moja ya zile nilizompa ilikuwa kati ya asizokuwa na habari nazo.

Kiungo kikatolewa. Akawekewa cha muda cha saruji ya mifupa yenye dawa ndani, akapata dawa kwa wiki nyingi, ndipo akawekewa kipya. Leo anatembea na fimbo. Namshukuru Mungu anatembea.

Kuna kitu kinaniuma zaidi ya goti. Maambukizi yakiwahiwa siku za mwanzo tangu dalili zianze, mara nyingine madaktari wanaweza kufungua, kusafisha, kubadilisha vile vipande vya plastiki na kukiacha kiungo mahali pake. Hiyo nafasi ina muda wake, ni suala la wiki chache, haisubiri miezi. Sijui kama mama angekuwa mmoja wa waliofaa. Ninachojua ni kwamba ule muda niliutumia mimi, kwa vidonge vyangu.

Mama hakunigombeza. Aliniambia tu, "Ungesema kweli, mwanangu. Daktari si hakimu."

SEHEMU YA 5

Sasa tujue kipimo kinavyokwenda, ili usiwe mgeni ukifika.

Damu kwanza. Kuna vipimo viwili vinaitwa CRP na ESR. Vinaonyesha kama mwilini kuna moto, havisemi moto uko wapi. Vikipanda vinampa daktari sababu ya kuendelea. Vikiwa sawa havimfukuzi mdudu moja kwa moja, maana kuna maambukizi ya taratibu yasiyopandisha hata homa. Mgonjwa anaumwa tu, mfupa unalegea, watu wanasema ni uzee.

Pili, kuvuta maji ya kiungo kwa sindano, kwa usafi wa hali ya juu. Yanahesabiwa chembe na yanaoteshwa.

Tatu, kama ni operesheni ya marudio, daktari anachukua vipande kadhaa vya nyama kutoka sehemu tofauti kuzunguka kiungo. Kimoja hakitoshi. Vizuri ni vitano au sita, kila kimoja kwa kifaa chake safi. Sababu ni kwamba bakteria wa ngozi anaweza kudandia kipande kimoja kwa bahati mbaya. Mdudu yuleyule akiota kwenye vipande viwili au zaidi, hapo unamwamini kwamba kweli anaishi mle ndani.

Nne, subira. Wadudu wengine ni wavivu wa kuota. Maabara inaweza kushikilia sampuli mpaka siku 14. Kwa hiyo ukiambiwa siku ya tatu hakuna kitu, uliza kwa adabu: "Hayo ni majibu ya mwisho au ya mwanzo?"

Na jambo moja la kuzingatia: kupangusa usaha juu ya kidonda kwa pamba si kipimo cha kuaminika cha kilichomo ndani ya kiungo. Wadudu wa juu ya ngozi si lazima wawe ndio wa ndani. Ila kama karibu na kovu kumetoboka tundu linalotoa majimaji, na limeunganika na kiungo, hiyo peke yake inatosha kusema kuna maambukizi. Usilifunge kwa plasta ukasubiri likauke. Nenda.

SEHEMU YA 6

Hapa naingia thieta, ambako nafanya kazi siku hizi.

Operesheni yoyote ya kiungo bandia ina dozi ya kinga. Kwa dawa zinazotumika sana, kama sefazolini, inatakiwa iingie kwenye mshipa ndani ya saa moja kabla ya kisu kugusa ngozi. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2016, linataka dozi hiyo itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu, kwa kuangalia aina ya dawa. Vankomaisini inaingizwa taratibu, kwa hiyo inaanzwa mapema zaidi. Na kwa goti, dawa iwe imeshaingia kabla mkanda wa kubana damu haujafungwa pajani, maana ukishafungwa dawa haifiki gotini.

Sasa ikifika operesheni ya marudio, yalikuwepo mazoea ya kusema: "Subirini kwanza, tuchukue sampuli ndipo tumpe." Nia ni njema. Wanaogopa dozi itamficha mdudu.

Lakini tofautisheni mambo mawili, mama zangu. Vidonge vya wiki nzima nyumbani vimeshapunguza wadudu kwa siku nyingi. Dozi moja ya nusu saa kabla ya kisu haijapata muda huo. Kuna utafiti uliofanywa kwa kupanga wagonjwa kwa kura, wagonjwa 65 ambao maambukizi yao yalishajulikana na mdudu alishaota kabla ya operesheni. Nusu wakapewa dozi kabla ya kisu, nusu baada ya sampuli kuchukuliwa. Mdudu yuleyule akaonekana tena kwa kiwango karibu sawasawa pande zote mbili, kama watu 8 kati ya 10.

Upande wa pili wa mizani kuna nini? Mgonjwa aliye wazi mezani, kwenye operesheni ndefu kuliko ya kwanza, bila kinga. Kama hakuwa na maambukizi, tunaweza kumwingizia sisi wenyewe.

Kwa hiyo maoni yangu kama nesi: dozi ya kinga itolewe kwa wakati. Anayetaka kuichelewesha awe na sababu, na aiseme kwa sauti timu nzima isikie. Sababu zipo. Kwa mfano mgonjwa ambaye kila kitu kinaonyesha ana maambukizi lakini maji yake hayajawahi kuotesha mdudu. Ule utafiti haukuwahusu watu wa namna hiyo, na hapo daktari akiamua kusubiri dakika chache mpaka sampuli zitoke, namheshimu. Ninachopinga ni kuchelewesha kwa mazoea, halafu pilikapilika zikianza dozi inasahaulika kabisa.

Na wauguzi wenzangu mnaosoma hapa: saa ya kutoa dawa iandikwe dakika kwa dakika. Tusiandike "asubuhi". Tukiandika "asubuhi" hatujaandika kitu.

SEHEMU YA 7

Najua maswali yenu, nayajibu kabla hamjajaza komenti.

"Kwa hiyo nimwache aumie?" Hapana. Dawa za kawaida za maumivu kama panadol si antibiotiki, haziui bakteria, haziharibu uoteshaji. Mpe kwa kipimo chake, andika na saa, kwa sababu zinaweza kushusha homa na daktari atataka kujua.

"Je, kama ana dawa alizoandikiwa?" Usisimamishe kitu chochote kwa sababu umesoma uzi wangu. Mtoto wa selimundu anayekunywa penisilini ya kinga aendelee. Mtu wa kifua kikuu aendelee. Wewe peleka orodha, daktari ndiye aamue. Hata zile wiki mbili bila dawa kabla ya kuvuta maji ni uamuzi wa daktari kwa mgonjwa ambaye hali yake inaruhusu kusubiri.

"Na kama hali ni mbaya?" Hapa nisikilizeni vizuri. Mgonjwa akiwa na homa kali na kutetemeka, anapumua haraka, anachanganyikiwa, amelegea, mkojo umepungua au mwili umekuwa wa baridi, huyo ni wa dharura. Kimbia hospitali usiku huohuo. Huyo hasubiri wiki mbili. Watamtoa damu ya kuotesha haraka na kumpa dawa bila kuchelewa, kwa sababu maisha yanakuja kabla ya goti. Nesi yeyote atakwambia hivyo.

"Hela hatuna, hospitali ya rufaa iko mbali." Hili linaniuma, na sina jibu tamu. Lakini pigeni hesabu. Vidonge vya miezi minne nilivyompa mama vilikuwa hela, na mwisho wake tulilipia operesheni mbili. Nauli ya kwenda mapema ni ndogo kuliko hiyo. Kama umefika kituo cha karibu na huna pa kwenda zaidi, mwambie mhudumu: "Huyu ana kiungo bandia, naomba rufaa kabla ya antibiotiki." Sentensi hiyo moja ina thamani kubwa.

SEHEMU YA 8

Mnaokaa na mtu mwenye nyonga au goti bandia, shikeni haya.

Piga picha kadi yake ya operesheni, uwe nayo kwenye simu: mwaka, upande gani, hospitali gani.

Kiungo kikianza kuuma upya, kuvimba, kupata joto au kutoa majimaji, nenda wiki hiyohiyo.

Kopo la dawa lililoko juu ya kabati libaki limefungwa. Vile vilivyobaki vya mtoto si vya bibi.

Daktari akiuliza umempa nini, sema ukweli wote, pamoja na cha jana usiku. Beba na makopo matupu. Hakuna atakayekufunga.

Kama ni operesheni ya marudio, uliza maswali mawili kabla hajaingia thieta: "Maji ya kiungo yalishavutwa na kuoteshwa?" na "Dozi ya kinga itatolewa saa ngapi?" Daktari mzuri hakasiriki. Anajua umekuja na mtu unayempenda.

Yule dada wa inboksi ameniandikia jana. Mama mkwe ameshavutwa maji, wanasubiri majibu. Amesema yule bibi analalamika kwamba mkwe amemnyima dawa. Nikamwambia avumilie, atakuja kuelewa. Mimi yangu nilimpa zote alizotaka, na ndiyo iliyokuwa shida.

Mama yangu yuko chumba cha pili, anasikiliza redio. Nimemsomea uzi huu wote kabla ya kuuweka. Amesema ile sehemu ya nne niiache ilivyo.

Mtumie mmoja mwenye mzee nyumbani. Tukijaliwa, uzi ujao ni kikohozi cha watoto, nimeahidi. Usiku mwema.